Muhuri Nyuma ya Plaiwudi

Baba Neema,

Salamu nitakupa mwisho, kama zitakuwa zimebaki. Kwanza soma. Na usidhani barua hii nimekutumia wewe peke yako. Naiweka kwenye kundi la WhatsApp la ushirika wetu wa Wakenya hapa Birmingham, mchungaji aisome, Mama Kui aisome, na hata wale ambao husoma kila kitu wakanyamaza waisome. Ungenisema jikoni, ningekujibu jikoni. Wewe ulinisema uwanjani, maikrofoni mkononi, kwa hiyo leo nakujibu uwanjani.

Ujumbe wako niliupata Jumapili baada ya ibada. Hukuwa na uso wa kunipigia simu, ukamtuma mchungaji. Ati Jumamosi unakuja na gari kuchukua "karavani yangu", kwa kuwa umesikia imetengenezwa ikapendeza, na wewe na huyo mwenzako wa Coventry mngependa kuivuta hadi Wales mkapunge hewa ya bahari. Karavani yako! Nilicheka pale pale mlangoni pa kanisa mpaka mchungaji akaangalia viatu vyake. Kisha nikaenda nyumbani, kicheko kikaisha, nikaona afadhali nikukumbushe mambo, maana wewe una usahaulifu wa ajabu: unasahau yale yanayokuumbua tu.

Tuanze na ilikotoka. Mzee Desmond, jirani yetu Mjamaika wa nyumba ya kona hapa Handsworth, alikuwa nayo uani kwake tangu ujana wake: nyumba ndogo ya magurudumu mawili, ya kuvutwa na gari, pua ya mviringo, plaiwudi za nje zimeoza mpaka unaweza kuzitoboa kwa kidole. Ule mwaka alipovunjika mguu nilikuwa nampelekea supu kila nikitoka kazini. Wewe ulinung'unika kwamba nalisha mtaa mzima. Siku alipohama kwenda kuishi na bintiye Lozells, alinishika mkono akaniwekea ufunguo kiganjani, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja. "Ni yako wewe," akaniambia, na macho yake yalikuwa kwako alipokuwa akisema. Mzee yuko hai, akili zake timamu, na Jumamosi atakuwepo.

Lakini sitaki kuwa mwongo kama wewe, kwa hiyo nitayasema na yaliyokuwa mazuri. Unakumbuka tulivyoisukuma? Matairi hayana pumzi, barabara imefungika. Ukasimama mbele, ukapaza sauti, "Harambee!" nami na Neema tukaitikia, "Hee!" Mara ya tatu mtaa mzima ulikuwa unaitikia, Wapunjabi na vilemba vyao, Wajamaika, yule mama Mpakistani wa duka la mboga, hakuna anayejua maana yake, na wote "Hee!" Hata basi la Soho Road lilisimama likatungoja. Ulikuwa na ile kofia yako ya kijani, jasho linakutiririka, na mimi nyuma nasukuma nikajisemea, huyu mwanamume nilimpata wapi. Nilikupenda siku ile, nakiri.

Tukaingia ndani tukanywa chai ya thamosi, mimi na wewe na Neema, huku mvua inapenya darini na kutudondokea vikombeni. "Tutabandua mbao hizi zote za nje tuweke mpya," ukasema. "Siku ya michezo ya Wakenya, chai na mandazi vitauzwa humu. Watu wajue Baba Neema ni fundi." Hapo ndipo ningekusimamisha. Wewe ni dereva mzuri, kuimba unaimba, kufunga tai unajua. Fundi alikuwa babangu.

Ulimjua babangu. Ulikula kuku wake kule Nakuru siku uliyokuja kuniposa, ukakalia kiti alichokitengeneza kwa mikono yake. Alipiga randa kwenye kile kibanda chake mpaka mgongo ukapinda, na plaiwudi mpya haikuingia kazini bila kuchemshwa. Ndiyo, kuchemshwa. Alikuwa na sufuria moja nyeusi ya kazi hiyo tu. Mama haruhusiwi kuigusa. Anakata kipande cha kiasi cha kiganja, anakitumbukiza kwenye maji yanayotokota, anaendelea na shughuli zake. Baadaye anakitoa, anakichokoa ukingoni kwa ncha ya patasi. Plaiwudi ni mbao nyembamba zilizogandishwa moja juu ya nyingine, na kama gundi yake ni ya vitu vya ndani ya nyumba, matabaka yanaachana kwenye maji ya moto. Kama ni ya nje, unaweza kuichemsha kutwa nzima isitikisike. "Muuzaji atakudanganya, rangi itakudanganya," alikuwa akituambia, "lakini sufuria haina ujamaa na mtu."

Kwa hiyo ile Jumamosi tuliyokwenda kwenye yadi ya mbao, tukakuta mwenye yadi ametoka, tukajichagulia wenyewe kwenye marundo, mimi nilijua ninachokitazama. Wewe ulikwenda moja kwa moja kwenye zile zenye uso laini, rangi ya asali, mishipa ya mti imejipanga vizuri. Ukazipapasa. "Hizi ndizo," ukasema. Mimi nikainama nikatazama ukingo. Matabaka matatu tu, na katikati mapengo ya kupitisha njiti ya kiberiti.

"Baba Neema," nikakuambia, "hizi ni za kabati. Tuchukue kipande kwanza tukakichemshe."

Ukaangua kicheko mbele ya watu. "Hapa ni Uingereza, mama. Mbao za hapa zimeshapimwa. Mambo ya kuchemsha waachie Nakuru."

Ukamlipa kijana wa yadi ukazipakia, plaiwudi sita. Nyumbani nikakata kipande kidogo kwenye kona, nikabandika sufuria ya githeri jikoni, nikakitumbukiza. Hakijapata hata robo saa ukaingia, ukainua kifuniko ukidhani ni chakula. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Maji ukamwaga kwenye sinki, kipande ukakitupa kwenye pipa la taka, kisha ukawapigia ndugu zako mmoja baada ya mwingine: "Leo mke wangu ananipikia plaiwudi! Nile na sukuma au na kabeji?" Na mimi, mjinga mimi, nilicheka pamoja nawe.

Sasa sikiliza vizuri. Unaikumbuka Jumatatu iliyofuata? Mimi nilikuwa nimeisahau, nimekuja kuikumbuka mwaka huu. Uliniambia unakwenda kununua skrubu. Ulirudi umenyamaza. Ulikula ugali bila neno, wewe ambaye humezi tonge bila hadithi. Nikakuuliza kama unaumwa, ukasema ni kichwa tu. Kesho yake ukaanza kazi kwenye uwanja wa nyuma, na kuanzia siku hiyo ukanifungia lango. "Usije huku, Mama Neema, vumbi litakudhuru kifua." Nikaona umenijali. Nikawa nakuletea chai naiweka juu ya ukuta, na nikisimama pale nasikia msasa: shwaa, shwaa, shwaa. Nilidhani unalainisha mbao. Uso wenyewe ulikuwa laini kama sahani, unalainisha nini? Sikujiuliza.

Ulipomaliza ilipendeza, siwezi kukataa. Nyeupe juu, samawati chini. Kila mgeni aliyekuja ulimfunulia turubai aione, jua liwake au mvua inyeshe. Jioni kufunika ilikuwa kazi yangu, na nilifunika. Kona zote nne, kamba nazifunga fundo la babangu, lile la kuvuta mara mbili.

Siku ya michezo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na tuliivuta karavani katika mvua hiyo hadi Perry Barr. Adhuhuri jua likatoka. Watu wamepanga foleni ya chai, mimi niko ndani nahudumia dirishani, nikasikia mtoto mmoja anamwambia mamake kwa Kiingereza kwamba nyumba inavimba. Nikatoka nje. Ubavu wote ulikuwa umefura, rangi imepasuka, tabaka la juu linabambuka kama ganda la kitunguu. Kipande kikaning'inia, kikaachia, kikatua kwenye beseni la mandazi.

Ulikuwa na dakika moja ya kuwa mwanamume, Baba Neema. Nilikuona. Uliitazama karavani, ukawatazama watu, ukanitazama mimi, kisha ukaiomba maikrofoni kwa mtangaza mbio. "Ndugu zangu, mniwie radhi," ukasema. "Kazi mimi niliifanya. Kufunika nilimwachia mama. Mama hakufunika." Watu wakacheka. Mama Kui, ambaye kwa kubatiza watu majina hajambo, akapaza sauti kutoka kwenye foleni: "Ai! Mama Turubai!" Basi, ikawa hivyo. Nimeitwa Mama Turubai miaka minne. Nimeitwa hivyo harusini, nimeitwa hivyo msibani, hata mchungaji aliwahi kuteleza ulimi katikati ya maombi akamwomba Mungu auponye mgongo wa Mama Turubai.

Na hukutosheka. Jumapili iliyofuata ukaniambia ni vizuri niombe radhi, nimewaharibia watu siku yao. Kwetu ushirikani mwanamke haombi radhi mikono mitupu. Nilisukuma chapati tangu alfajiri, nikazibeba kwenye sinia, nikasimama mbele ya ukumbi mzima. "Nisameheni," nikasema, "sikufunika vizuri." Mlikula. Wewe ulikula tatu, nilikuona.

Chapati si kitu. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba niliyaamini maneno yale. Mikono yangu ilikumbuka kamba, ilikumbuka fundo, na mimi nikaiambia mikono yangu kwamba inadanganya. Tangu siku hiyo nilikuwa nikitoka nyumbani, nafika kituo cha basi, narudi kuangalia kama nimezima jiko. Kazini, kwenye makao ya wazee, nilikuwa nawauliza wenzangu, hivi yule bibi nimeshampa dawa au bado, na mimi ndiye niliyetia sahihi. Binti wa fundi, mtu mzima, nikawa sijiamini hata kufunga mlango. Hilo ndilo ulilonifanyia, na kwa hilo nakuchukia, naliandika wazi watu walione.

Ulipoondoka mwaka uliofuata, masanduku yako mlangoni, uliniachia neno la kwaheri: "Mwanamke aliyeshindwa kufunika karavani, nyumba ataifunika na nini?" Ukajiona umesema. Karavani ukaiacha pale nyuma inaoza, hukuitaka, ilikuwa takataka. Miaka yote hiyo hukuiita yako hata siku moja.

Mwaka huu baridi ilipoanza kupungua, Neema aliniambia tuiite kampuni ije kuizoa. Nikamwambia, "Hii nilipewa mimi. Nitaitengeneza." Akaniangalia vile vijana wanavyotuangalia, akasema, "Okay, Mum," akaenda kuvaa glavu. Unamjua mwanao, Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza chake cha Birmingham. Tukaanza kubandua mbao zako. Ya kwanza ikatoka vipande vipande. Tukaigeuza ubavu, na nyuma yake, upande unaogusa fremu, tukakuta doa jeupe la mviringo, mbao imesuguliwa hadi ikaliwa. Ya pili vivyo hivyo, mahali pale pale. Ya tatu, ya nne, ya tano. Neema akaniuliza ni ugonjwa gani wa mbao huo. Nikamwambia sijui.

Ya sita ni ile fupi ya chini ya dirisha la nyuma. Sijui kama ulichoka, au ulidhani hakuna atakayefika huko. Neema aliitoa nzima, akaigeuza. Muhuri ulikuwa pale, wa buluu, umesimama, herufi kubwa za Kiingereza: ya matumizi ya ndani tu.

Nikakaa chini kwenye matope. Sauti ya msasa ikanirudia masikioni. Kumbe ulikuwa unafuta! Unafuta muhuri ili mimi, niliyekuambia kwenye yadi, nisije nikausoma kabla hujazipigilia. Neema alikuwa amesimama na ile mbao mikononi. "He knew, Mum," akasema. "Ndiyo, mwanangu," nikamjibu, "alijua." Hapo akalia, na sijamwona akilia tangu siku ulipotoka. Hilo pia nalihifadhi kwenye hesabu yako.

Kesho yake nikaikata ile ya sita kipande chenye muhuri na kingine kisicho na muhuri, nikavibeba kwenye mkoba, nikaenda kwenye yadi ile ile. Safari hii mwenyewe alikuwepo: Mzee Gurmit, singasinga wa ndevu nyeupe. Nilianza kwa Kiingereza, akanisikiliza maneno matatu tu, akasema, "Mama, wewe ni wa Kenya. Kenya wapi?" Nikasema Nakuru. Wee! Yule mzee alipiga meza. Amezaliwa Nakuru, baba yake alikuwa anapasua mbao Molo. Nikamtolea kipande chako. Akakigeuza, akausoma muhuri, akanitazama.

"Hii nakumbuka," akasema. "Mkenya mrefu, kofia ya kijani. Alikuja Jumatatu, akaniuliza kwa Kiswahili kama hii inakaa mvuani. Nikamwambia, ndugu, hii ni ya kabati, nje itakufa. Ilete leo, nakubadilishia leo, sina maneno. Akasimama pale ulipo wewe. Akasema, hapana, wacha tu, nikizirudisha bibi yangu atanicheka."

Soma tena hapo, Baba Neema. Soma polepole. Ulikuwa na siku nzima ya kuzirudisha, mtu mwenyewe amekubali. Ukaona afadhali karavani ioze, na mkeo aitwe majina, na binti yako aone mamake akiomba radhi na sinia la chapati, kuliko mimi nicheke. Na ningecheka, ndiyo! Ningekucheka mpaka Ijumaa, kisha tungekwenda pamoja kuzibadilisha, na leo ungekuwa unaivuta hadi Wales na mimi nimekaa kando yako nakumenyea chungwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha muhuri.

Nilitoka pale nimekusudia kupanda treni nije Coventry nikupasulie kioo cha gari. Nasema kweli, nilifika hadi kituoni Perry Barr. Nikakaa kwenye benchi, mkoba wangu magotini, nikafikiri. Kioo utabadilisha kwa siku moja. Nikarudi kwa Mzee Gurmit nikamwambia, nataka plaiwudi ya kufunika karavani nje, na nataka kuichagua mimi.

Basi tulichagua. Asubuhi nzima! Alinitolea ya mti wa nchi za baridi, nyeupe, matabaka mengi membamba, nzito na ngumu. Nikaipenda, lakini tukajaribu kuikunja ikakataa, na pua ya karavani unaikumbuka ilivyo ya mviringo. Akanitolea nyingine nyekundu, ya miti ya Afrika, nyepesi, ambayo watu wa mashua hutumia. Uso wake wa kawaida kabisa, wewe usingeitazama mara mbili. Nikaenda ukingoni. Matabaka matano yamebanana, hakuna pengo hata la kupitisha sindano. Nikaikunja juu ya goti ikakubali, nikaiachia ikanyooka. Ndipo nikamwomba vipande. "Vya nini?" Nikamwambia vya kuchemsha. Mzee alicheka hadi machozi, lakini kicheko chake hakikuniuma. "Baba yangu pia!" akasema. "Na debe lake! Mama, hapa hakuna mtu amechemsha plaiwudi tangu nifike nchi hii." Akachemsha maji mwenyewe kwenye kile chumba chake cha chai.

Tulichemsha viwili, changu na chako. Chako hakikumaliza saa. Kilifunguka kama kitabu, matabaka matatu yanaelea kila moja na njia yake, maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Changu tulikitoa, tukakikausha kwenye hita, tukakirudisha tena, nikakichokoa kwa patasi mpaka mkono ukaniuma. Kilibaki vile vile. Nililia kidogo pale, na mzee wa watu akajifanya anatafuta sukari.

Nimeifanya kazi hiyo kila siku yangu ya mapumziko. Nimepaka gundi kingo zote mara tatu kabla ya kupigilia, maana maji huingilia ukingoni, babangu alinifundisha nikiwa na miaka tisa. Skrubu nimezizamisha moja moja nikazifukia. Neema amepiga msasa, kwa nje, kwenye uso, kama watu waaminifu wanavyopiga. Imekaa mvuani wiki sita bila turubai. Makusudi! Kila asubuhi natoka na kikombe changu naipapasa ubavu, imekauka, imenyooka. Vyaelea, vimeundwa. Na mimi siku hizi nafunga mlango mara moja tu, naenda zangu kazini.

Sasa kuhusu Jumamosi. Karavani hutaikuta hapa Handsworth. Jumamosi ni siku ya michezo, umesahau, na itakuwa Perry Barr tangu asubuhi, mahali pale pale ilipobambuka. Ubavuni nimeandika kwa rangi nyekundu, herufi za kusomeka hadi upande wa pili wa uwanja, MAMA TURUBAI. Mama Kui, wewe njoo mapema, kikombe cha kwanza ni chako kwa kuwa jina ni lako. Mzee Desmond atakaa mlangoni na fimbo yake, mwenye kutaka kujua nani alipewa ufunguo amuulize. Na kando ya sufuria ya chai kutakuwa na sufuria ya pili. Saa tano naiweka motoni na vipande viwili, cha Baba Neema na cha Mama Neema. Kipande chenye muhuri hakichemshwi, kitawekwa mezani, kila mtu akishike akisome. Mchungaji atapewa patasi.

Unaweza kuja. Maikrofoni itakuwepo. Ukija ukaishika, ukasema, "Mama alifunika, mimi ndiye niliyejua," nitakumiminia chai kama mtu yeyote. Msamaha wa simu sitaki, wa kupitia mchungaji sitaki, na yeyote atakayeniambia nisamehe na nisahau nitamwambia angoje kwanza maji yachemke. Nikimaliza siku hiyo, mimi na Neema tunaivuta hadi Wales. Nimejifunza kuivuta. Bahari ile uliyomwahidi mwanao nitamwonyesha mimi.

Kama utaona haya kuja uwanjani, pitia basi nyumbani uchukue mali yako, nisije nikaitwa mwizi. Nimekuwekea mbele ya mlango. Plaiwudi zako zote sita ulizozichagua kwa uzuri wa uso, zilizobaki vipande ni vipande, zimepangwa, madoa ya msasa yametazama juu. Za Wales hizo, ukazifurahie na mwenzako.

Salamu nilisema nitakupa mwisho. Nimezitafuta, hazipo. Ila mvua imetabiriwa Ijumaa, kwa hiyo plaiwudi zako nimezifunika. Kwa turubai lile lile, kona zote nne, fundo la babangu, na Neema amepiga picha. Safari hii asije mtu akasema sikufunika.

Ni mimi,
Mama Turubai